Afande mstaafu, duka la Nansio na magitaa mawili: naomba ushauri wa vitendo

#1 mpwa_wa_afande

Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu.

Mjomba ni mstaafu wa jeshi, wa lile kundi la Vita ya Kagera 1978–79. Anafungua duka la rejareja Nansio, Ukerewe. Fremu ni futi 12 kwa 14, paa la bati bila dari, mlango unatazama ziwa, na mwaloni, yaani ufukoni mitumbwi inapotia nanga, uko hatua kama mia tatu. Wateja wengi watakuwa wavuvi wa dagaa na familia zao. Ana magitaa mawili, moja la nyuzi za nailoni na jingine la umeme, pamoja na amplifaya ya wati 40. Hupiga jioni, na hana mpango wa kuacha.

Maswali: mtaji augawe vipi, awakopesheje wavuvi bila kufilisika, sukari ya kupima hupungulia wapi, na magitaa yataishije na hewa ya ziwa. Zile simulizi za "mimi nilianza na elfu kumi" naomba tuziweke kando.

#2 kaunta_ya_mbao

Kabla ya mtaji, mnunulie mjomba kalenda inayoonyesha mwezi mpevu na mwezi mwandamo, aitundike ukutani nyuma ya kaunta. Sitanii.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, iwe karabai au hizi za sola. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haiwavuti kwa sababu ziwa zima lina mwanga. Kwa hiyo mwaloni una majira mawili kila mwezi: giza, ambapo mitumbwi inaingia ziwani, na mbalamwezi, ambapo watu wako nchi kavu siku nane hadi kumi wakishona nyavu na kuziba mitumbwi. Mzunguko mzima ni siku 29 na nusu. Duka la hapo halina tarehe 30 ya mshahara, mshahara wake uko angani.

Sasa angalia kinachouzika. Wakati wa giza: betri, mkate, sigara, majani ya chai, sukari, biskuti, maji. Wakati wa mbalamwezi: uzi wa kushonea nyavu, sindano za nyavu, wembe, misumari, pamba ya kalafati, sabuni ya mche, na unga kwa mkopo. Mwenye duka anayeagiza vitu vilevile kila wiki atakuwa na rafu iliyojaa na droo tupu.

Mtaji nitakupa kwa mafungu maana bei hazitulii. Katika kila 100, bidhaa zinazotoka kila siku (unga, sukari, mafuta, sabuni, chumvi, viberiti) zipewe 50. Bidhaa za mwaloni 10. Mizani, rafu, chaga na kufuli 10. Fungu la mikopo 15, na likiisha hakuna kukopesha hata aje mwenyekiti wa kijiji. Ile 15 iliyobaki isiingie dukani kabisa, ikae benki. Nauli ya mzigo kutoka Mwanza ihesabiwe ndani ya bei ya kila bidhaa, isilipwe kwa faida ya jana.

#3 daftari_la_deni

Namba 2 kasema kweli, ila habari ya mikopo kaigusa juujuu na hapo ndipo maduka ya mwaloni yanapofia.

Baada ya mwezi mpevu, mwezi huchelewa kuchomoza takriban dakika 50 kila usiku. Usiku wa nne au wa tano wavuvi wanapata masaa machache ya giza kabla haujachomoza, wanaingia. Hiyo ni pesa ya kwanza, nayo ni ndogo, inaishia kwenye mafuta ya injini. Usimsogelee mtu na daftari siku hizo, utaambulia maneno. Siku nzuri ya kudai ni kuanzia siku mbili tatu kabla ya mwandamo hadi siku tano baada yake, kwa kuwa wamevua usiku kucha mfululizo na dagaa wameshakauka na kuuzwa.

Neno "wameshakauka" lina uzito. Jua likiwaka, dagaa wa alfajiri jioni ni mkavu. Masika, Machi hadi Mei, wanachukua siku mbili tatu, na mvua ikiwashukia chini wanageuka chakula cha kuku, bei inaanguka. Kwa hiyo deni la masika lihesabiwe kuchelewa mzunguko mzima. Fungu la mikopo la Aprili liwe nusu ya lile la Julai.

Nani wa kumkopesha? Mvuvi kibarua halipwi siku, hupata mgawo baada ya tajiri mwenye mtumbwi kutoa gharama zake. Tena anahama kambi. Leo yuko Nansio, kesho yuko Ukara au Ghana. Kisiwa cha Ghana, msije mkafikiri Accra. Basi deni la kibarua liandikwe chini ya jina la tajiri, na tajiri atie sahihi kiwango cha juu kwa kila mtumbwi. Akikataa kutia sahihi, na yeye hawaamini watu wake, wewe utawaaminije?

Daftari liwe na safu hizi: tarehe, siku ya mwezi wa angani, jina na mtumbwi, kitu, kiasi, sahihi ya mkopaji, tarehe ya kulipa, kilicholipwa. Sahihi iwe kwa kila mstari, siyo moja chini ya ukurasa. Ugomvi mwingi unaanzia kwenye mstari ulioongezwa baadaye, au unaodaiwa kuongezwa.

Vya kukopesha ni unga, sukari, chumvi, sabuni, mafuta ya kula. Vya taslimu tu ni sigara, vocha, soda na pesa yenyewe. Anayekopa sigara hakopi kwa njaa.

#4 mizani_sawa

Niende kwenye sukari.

Gunia la kilo 50 lina robo 200 kwenye karatasi. Kwenye kaunta zinatoka 195 au 196, na mwenye duka anamshuku kijana wa dukani. Piga hesabu kwanza. Kila robo ikizidi gramu 3 tu, kwa robo 200 umegawa gramu 600. Hizo ni robo mbili na ushee, na hakuna mwizi. Ongeza inayomwagika, inayobaki kwenye mshono wa gunia, na inayonata kwenye kijiko.

Mizani ya kidijitali ikiwekwa kwenye njia ya upepo, upepo wa ziwa unasukuma sinia na namba zinacheza. Mpimaji anachoka kusubiri zitulie, anaongeza kijiko "kwa usalama". Kwa fremu inayotazama ziwa, mizani ikae kona ya ndani, juu ya meza isiyotikisika, na ubao wa pembeni wa kuzuia upepo. Meza ikiyumba, tia kipande cha ndala chini ya mguu.

Kujaribu mizani bila jiwe: pima chupa tupu, andika, kisha jaza lita moja kamili ya maji safi. Tofauti iwe kilo moja. Ikipotea gramu 10 au zaidi, usiuze nayo. Hilo ni la kujiridhisha tu. Kisheria mizani ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka na iwe na alama yao.

Sukari hunyonya unyevu. Chaga iinuke angalau sentimita 10 kutoka sakafuni, na gunia lisiguse ukuta, pitisha kiganja katikati. Chumvi ikae mbali kabisa, maana inatoa maji na maji yanatafuta jirani. Unga usilale karibu na sabuni wala mafuta ya taa. Unga unabeba harufu, na mteja wa ugali hasahau.

Mzigo ukiwa melini, sukari na unga viwekwe katikati ya chombo chini ya turubai, siyo mbele kwenye rasharasha za mawimbi. Wanaozunguka kwa lori na kivuko cha Kisorya–Rugezi wana nafuu ya mawimbi, ila lori likikuta foleni juani, mikate inatoka jasho ndani ya plastiki, kisha inaota ukungu.

#5 mama_wa_dumu

Mmesahau mafuta ya kula, wanaume mnapenda sukari.

Dumu la lita 20 ni robo lita 80. Ukipata 78 shukuru. Zinazopotea zinabaki kwenye kuta za dumu na kwenye kipimo, kwa hiyo kipimo kigeuzwe juu ya faneli hadi kiache kudondosha, na dumu likiisha lilazwe kichwa chini usiku mzima juu ya chombo kisafi.

Kuna jambo la asubuhi za Juni na Julai. Mafuta ya mawese yaliyosafishwa yanaanza kuwa na ukungu mweupe, mengine yanaganda chini. Mteja anasema "umechanganya". Hujachanganya, ni baridi. Kosa ni kumimina yale ya juu yaliyo maji na kuacha mgando, kwa sababu wateja wa mwisho watapata mafuta mazito kuliko wa kwanza na maneno yataanza. Toa dumu nje lipate jua nusu saa, litikise, ndipo upime.

Na mche wa sabuni ukatwe ukiwa mbichi, kwa waya mwembamba. Kisu kwenye mche mkavu kinaupasua na vipande haviuziki.

#6 fundi_nyuzi

Nimesubiri wa maduka wamalize. Magitaa sasa.

Paa la bati bila dari ndilo adui, kuliko hata ziwa. Saa saba mchana hewa chini ya bati inachoma, usiku inapoa na unyevu unaingia. Mti wa gitaa unatanuka na kusinyaa kila siku. Gundi ya daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi tumboni mwa gitaa, inalegea polepole, siku moja daraja linainuka nyuma kama kisigino cha kiatu. Gitaa lisitundikwe juu ya ukuta. Likae chini ya kiwango cha kaunta, ndani ya kasha, kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua la jioni. Kama hana kasha, begi nene na blanketi la jeshi vinatosha. Vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu visitupwe, vitatu vinne viwekwe humo na vianikwe juani kila wiki mbili. Ule mchele kwenye soksi ni wa kujifurahisha na kulisha panya.

Namna ya kujua shingo imepinda: bana uzi wa sita, ule mnene, kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vijiti vya chuma vya shingoni) kwa mkono mmoja na freti ya 14 kwa mwingine. Uzi umekuwa rula. Tazama nafasi kati ya uzi na freti ya 7. Ipite karatasi ya daftari iliyokunjwa tabaka mbili hadi tatu. Ikipita tabaka sita, shingo imevutwa mbele. Isipopita hata moja, imerudi nyuma na nyuzi zitagonga freti. Gitaa la umeme lina chuma ndani ya shingo. Legeza nyuzi kidogo, zungusha kichwa cha chuma hicho robo mzunguko kuelekea kulia kunyoosha shingo iliyovutwa mbele, tuni, acha hadi kesho, pima tena. Anayezungusha mzunguko mzima kwa siku moja atasikia mlio ambao hatausahau. La nailoni kwa kawaida halina chuma hicho, kwa hiyo dawa yake ni kulilinda tu.

Urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12: la umeme milimita 2 hivi, la nailoni 3 hadi 4. Kiangazi cha Juni hadi Septemba mti unasinyaa na ncha za freti zinakwaruza kiganja. Zipigwe msasa laini, gitaa halijaharibika.

Uzi ukikatika, angalia ulipokatikia kabla ya kulaumu duka lililouza. Ukikatikia kwenye daraja, mfupa unaobeba nyuzi una kijino, ulainishe kwa msasa namba 600. Ukikatikia kwenye ufunguo wa kutunia, tundu lina makali au umezungusha mara nyingi mno, mbili tatu zinatosha. Ukikatikia katikati, juu ya freti anayoipenda, ni kutu.

Na kutu ya mwenye duka ina chanzo chake. Mkono uliopima chumvi ukishika uzi wa chuma, wiki moja uzi ni mweusi. Anawe kwa sabuni, akauke, ndipo ashike. Akimaliza afute kila uzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini. Asipake mafuta ya kula, yananata na kukusanya unga.

#7 sindano_ya_nyavu

Fundi, nyongeza ya mwaloni: nyuzi za juu za gitaa la nailoni zinapatikana kwenye maduka ya zana za uvuvi. Uzi wa kwanza una kama milimita 0.7, wa pili 0.8, wa tatu 1.0. Mshipi wa nailoni wa uzi mmoja, ule unaoona mwanga kupita ndani, ni nailoni ileile. Achague usio na alama za kukunjika kwenye kibonge, avute kidogo mbele ya mwanga na kupitisha vidole. Penye kijungu chochote pakatwe.

Kuufunga: pitisha kwenye tundu la daraja ubakize sentimita 10, rudisha mkia chini ya uzi wenyewe, usokote mara tatu kwa wa kwanza na mara mbili kwa wa pili na wa tatu, mkia uishie nyuma ya ukingo wa daraja na siyo juu yake. Choma ncha kwa kiberiti ifanye kifundo. Wa kwanza ndio huchomoka kwa kuwa ni mwembamba na unateleza, na ukichomoka unachapa mbao na kuacha kovu.

Utalegea siku mbili tatu mfululizo. Uvutwe kwa mkono taratibu, utuniwe, uachwe. Nyuzi za nne, tano na sita zina waya umeviringishwa, hizo mshipi hauwezi kuchukua nafasi yake, anunue. Na uzi wa kusokota wa nyavu hautoi sauti kabisa.

#8 solo_la_kisiwani

Na ule waya wa breki ya baiskeli? Wazee wengi walitumia kwa solo.

#9 fundi_nyuzi

Walitumia kwa sababu nyuzi hazikuwepo. Ukiufumua wa milimita 1.5 wenye nyuzi 19 unapata nyuzi za milimita 0.3, unene wa uzi wa kwanza wa gitaa la chuma. Shida ni kwamba zilikuwa zimesokotwa. Zinabaki na mawimbi, na uzi wenye mawimbi ukituniwa wazi uko sawa, freti ya 12 unasema uongo. Dharura ya usiku mmoja sawa.

Ila marufuku moja: uzi wa chuma usifungwe kwenye gitaa la nailoni. Seti ya nailoni inavuta kama kilo 40, ya chuma inafika 70 na zaidi. Daraja litang'oka na kipande cha mbao.

#10 masikio_ya_mzinga

Hakuna aliyemtazama afande mwenyewe.

Mtu aliyekaa karibu na silaha nzito mara nyingi hupoteza usikivu wa sauti za juu, hasa eneo la hezi (mitetemo kwa sekunde) 4,000. Kwa gitaa hilo halimnyimi kutuni. Nyuzi wazi ziko kati ya hezi 82 na 330, na uzi wa kwanza kwenye freti ya 12 ni 659. Anasikia vizuri kabisa. Kinachotokea ni kuona gitaa "halina ukali", anapandisha kitufe cha trebo, yaani sauti kali, hadi mwisho, na majirani wanaumia masikio yeye akiona ni tamu. Mtu mwenye masikio mazima aweke trebo mara moja na kutia alama ya rangi ya kucha kwenye kitufe. Isipite hapo.

Kwenye kaunta ndipo penye hatari. Herufi s, t, f, k zinaishi huko juu. "Sita" na "tisa" zina irabu zilezile, kinachozitofautisha ni s na t tu. Mteja akisema anatoa elfu tisa, mzee atasikia sita, au kinyume chake, na mlango ukiwa wazi na boda zinapita ndio kabisa. Akifanya uwakala wa pesa, kila kiasi kiandikwe kwenye kikokotoo na mteja aonyeshwe namba kabla ya kubonyeza. Asitegemee mdomo.

Na vidole vya umri huo vinakakamaa asubuhi. Atuni gitaa nusu sauti chini, mvuto wa nyuzi unapungua kwa asilimia kama 11. Akishusha sauti nzima unapungua asilimia 21 hivi. Akitaka kupiga na wenzake kwa sauti ya kawaida afunge kapo (kibanio cha shingo) freti ya kwanza au ya pili.

#11 kaunta_ya_mbao

Hiyo ya sita na tisa ni dhahabu. Ongezea kwamba simu za wakala zisikae juu ya amplifaya. Simu ikitafuta mtandao spika inatoa ule mlio wa "tiki-tiki-tiki". Zisogezwe hatua moja na nusu, unaisha.

#12 waya_mwekundu

Umeme basi. Muungurumo wa chini usiokoma kwenye amplifaya una vyanzo vitatu dukani: friji kwenye soketi ileile, taa za bei rahisi, au soketi isiyo na waya wa ardhi. Zima friji kwanza. Mlio ukipungua, amplifaya ihamie soketi nyingine. Usipopungua, shika nyuzi za gitaa kwa kiganja: ukipungua ukishika, gitaa linadaka taa, mpigaji ageuke robo duara na asikilize. Kuhusu waya wa ardhi aitwe fundi mwenye leseni, siyo mtu wa kukata pini ya tatu ya plagi. Kukata pini kunanyamazisha mlio na kumuunganisha afande na umeme kupitia nyuzi za chuma.

Umeme ukikatika: betri ya volti 12 yenye Ah (ampea-saa) 70 ni Wh (wati-saa) 840. Betri ya gari isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo hesabu 420. Amplifaya na inveta vikila wati 60, ni masaa saba. Inveta ya bei ya chini inapiga kelele kama nyuki ndani ya spika. Akiweza atafute amplifaya inayokubali volti 12 moja kwa moja, aachane na inveta.

#13 rafu_kavu

Nitakuwa mbaya kidogo. Gitaa dukani linaua duka. Watu wanajaa kaunta, hawanunui, mteja wa unga anashindwa kupita, na mwenye duka akifumba macho kwenye solo kuna mkono unaingia kwenye chupa ya pipi. Achague moja.

#14 sebene_la_jioni

Rafu, umeeleza gitaa lililokaa mahali pabaya. Benchi liwe nje, ubavuni mwa fremu, siyo mbele ya mlango. Apige baada ya saa 11 jioni mtu mwingine akiwa kaunta. Droo ifungwe kwa ufunguo kabla ya wimbo wa kwanza. Kama yuko peke yake, hakuna gitaa hadi duka lifungwe, hapo nakubaliana nawe.

Halafu rudini kwenye kalenda ya namba 2. Wakati wa giza, saa 12 jioni wavuvi wanaondoka, mwaloni unabaki na wanawake wa dagaa wenye kulala mapema. Kupiga muziki hapo ni kusumbua. Mbalamwezi ndiyo wiki ya gitaa: wanaume wapo, wana muda, wanashona nyavu benchi lilelile. Hawana pesa, kweli, lakini sindano na uzi wa nyavu wananunua pale walipokaa. Na wapigaji wengine wa besi na rizimu ndio haohao wavuvi, mazoezi ya bendi yanawezekana siku hizo tu.

Tusisahau jeshi letu lenyewe lilikuwa na bendi ya dansi, Mwenge Jazz, na JKT walikuwa na Kimulimuli. Gitaa kwa afande siyo jambo la kushangaza.

#15 daftari_la_deni

Ya serikali kwa haraka. TIN, namba ya mlipakodi ya TRA, haina malipo. Leseni ya biashara iko halmashauri ya wilaya. Daftari la mauzo lina faida ya pesa: kwa mfumo wa makadirio, mwenye mauzo ya milioni 4 hadi 7 kwa mwaka bila kumbukumbu analipa 100,000, mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Mauzo ya milioni 5 yanakuwa 30,000. Viwango vinaweza kubadilishwa bungeni kila Juni, aulize ofisi ya TRA kabla ya kukadiriwa. Kupigia wateja muziki wa kurekodi dukani kunahusu hakimiliki, aulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku 1 Juni 2019, asiwaachie wanaoleta kwa magendo.

Petroli ya injini za mitumbwi isiuzwe ndani ya fremu hata wakimbembeleza. Viberiti, karabai na petroli chini ya bati moja, hapana.

Na kadi ya benki ya pensheni isiwekwe rehani kwa wakopeshaji wa kausha damu ili kujaza rafu. Duka likiyumba pensheni ndiyo unga wa nyumbani.

#16 mpwa_wa_afande

Wabheja sana wakubwa. Mjomba kasomewa yote. Ya trebo kakataa, ya sita na tisa kakaa kimya. Swali la mwisho: mzigo wa kwanza uagizwe lini?

#17 kaunta_ya_mbao

Ufike Nansio siku ya tatu au ya nne baada ya mwezi mpevu, mitumbwi inapokaribia kuingia. Wa mwaloni, yaani nyuzi na misumari, ufuate baadaye, siku nne kabla ya mpevu unaofuata. Mzigo wa kwanza uwe mdogo: sukari gunia 2, unga mifuko 6 ya kilo 25, mafuta dumu 2, sabuni katoni 3, chumvi katoni 2. Kitakachoisha kabla ya mwandamo ndicho cha kuongeza, visivyogusika visirudiwe.

#18 fundi_nyuzi

Na siku ya kushusha mzigo magitaa yatolewe yapelekwe nyumbani. Vumbi la chumvi na unga linaingia kwenye funguo za kichwa, zikishakwama anaanza kuzishika kwa koleo. Yarudi sakafu ikishapigwa deki na kukauka.